Picha ya Kumi na Tano

Ndugu yangu Seremala,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, shemeji, watoto, na zaidi ya wote mama yako, ambaye nami nimezoea kumwita Mama. Goti lake linaendeleaje? Na mgongo wako je, umepata nafuu tangu ulipoacha kubeba mbao peke yako kama punda asiye na mwenyewe? Mimi sijambo, ila usingizi umenihama, na ukifika mwisho wa barua utajua umehamia wapi. Nakuomba uisome ukiwa karakanani, si mbele ya Mama. Yeye hata asiposoma barua huwa anasoma uso wa anayeisoma.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Nimeifungua na kuikunja mara nyingi hata mikunjo yake imeanza kuachia. Miaka ishirini na minne tumekuwa tukisema mdogo wako amepotea, kwa sababu aliyepotea bado anaweza kubisha hodi. Sasa vibarua wanaochimba msingi penye kile kiwanda cha matofali kilichofungwa wamemkuta ndani ya shimo la maji, na kiatu chake chenye kifungo cha bati. Pole, ndugu yangu. Sina neno kubwa kuliko hilo. Nami nilimjua. Alikuwa na miaka saba, sisi kumi na miwili, na alitufuata kila tulikokwenda kama mkia. Siku ile ya mwisho ni mimi na wewe tuliomkimbia. Hatujawahi kulitamka jambo hilo tangu utoto, basi leo nimelitamka mimi.

Uliniomba mambo mawili. Kwanza, nisitengeneze picha ya mwaka huu. Pili, nisimwandikie Mama neno lolote mpaka wewe upate moyo wa kumwambia kilichopatikana, kisha uzishushe zote kumi na nne ukutani. Hilo la pili nimelitii. La kwanza nilitii kwa wiki tano tu, halafu nikavunja amri. Usinune kwanza. Nisikilize.

Unaijua safari yangu ya kazini. Treni ya saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, behewa la tatu, karibu saa nzima mpaka mjini, halafu hatua chache kwa miguu hadi studio ya picha. Sisi abiria wa kila siku tunatambuana kwa viatu kuliko kwa majina. Yupo karani mmoja anayelala wima bila kuanguka. Yupo mama anayefuma sweta lile lile tangu nilipoanza kupanda, nami nimeshaamua kuwa anawafumia tembo. Yupo mkaguzi wa tiketi ambaye ana mafua mwaka mzima. Miaka tisa nimesafiri na watu hawa, na katika miaka tisa sijamsemesha mtu ila kumwomba radhi baada ya kumkanyaga. Shemeji, ambaye kila nikija likizo ananiandalia mchumba, anajua ulimi wangu unavyokuwa jiwe penye mwanamke.

Mwezi wa pili akaingia msichana. Nasema msichana, lakini alikuwa mtu mzima, wa umri wa miaka thelathini hivi. Alikaa kiti cha dirishani, mkono wa kushoto, akiwa amefunga kitambaa kichwani chini kabisa, hadi kwenye nyusi. Nilipomwona nilishika chuma cha juu kwa mikono yote miwili, na treni ilikuwa bado imesimama. Alikuwa mzuri. Sina haja ya kukupambia. Na jambo la ajabu, tangu siku ile ya kwanza nilihisi kwamba sura ile naijua, na nikajidanganya kwamba hivyo ndivyo mapenzi yanavyoanza. Nani angenisahihisha? Sikuwa na uzoefu.

Wiki tatu nilipanga maneno. Nilinyoa ndevu kila siku, nikapaka viatu dawa hadi visigino. Niliandaa sentensi nzuri kuhusu hali ya hewa, na nyingine ya akiba endapo hali ya hewa ingebadilika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikainama kweli, na nilipofika usawa wa sikio lake maneno yote yakanitoroka, nikajikuta namwambia kwamba dirisha lake ni chafu. Aligeuka akalitazama dirisha, akanitazama mimi, akasema ni kweli, akatoa leso, akalifuta. Kisha akaniuliza kama sasa ninaona vizuri. Watu wa karibu wakacheka, hata karani akafumbua jicho moja. Tangu siku hiyo aliniwekea nafasi.

Nilimjua kidogo kidogo, kituo baada ya kituo. Anapiga pasi mashuka ya hospitali, kwenye mashine ndefu yenye mvuke, na kile kitambaa anakifunga chini hivyo ili jasho lisimwingie machoni. Mikono yake ni mikubwa, imeungua hapa na pale, ina nguvu. Uso wake ulikuwa kitu kingine. Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni kutazama nyuso kwa karibu, na sijawahi kuona ngozi laini namna ile kwa mtu anayeishi kwenye mvuke. Hakuna chunusi, hakuna kitundu, hakuna hata alama ya mbu. Nilimwambia hivyo kwa kumsifu. Hakufurahi. Alijibu kwamba hata wenzake wa kazini wanamwambia uso wake haumfai mwenyewe.

Mwezi wa nne alinieleza mambo mengine, huku akitazama nje. Kwamba hakumbuki utoto. Kumbukumbu yake inaanza kwenye benchi la stesheni, miaka kumi na minne iliyopita, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, hana mzigo, hana jina la mtaa. Mama mmoja muuza magazeti akamchukua akamlea. Kwamba kila mwaka, mwezi wa sita, anapata homa ya siku tatu, uso unamuuma kama unaokandwa kwa vidole, na akipona watu wanamwambia amekuwa mkubwa ghafla. Katikati ya mwaka habadiliki hata unywele. Na kwamba kila jioni, taa zinapowashwa, anahisi mtu anamtazama. Haoni mtu, lakini shavu lake linapata joto, na joto lenyewe lina upole. Alisema hilo halimtishi. Linalomtisha ni kwamba siku mtu huyo akiacha kumtazama, hajui atafanya nini.

Nikamwambia huenda ni homa ya mbu, na hiyo ya jioni ni uchovu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Barua yako ikaja. Niliisoma behewani asubuhi nikiwa kando yake, nikalia bila aibu, na yeye akanishika mkono asiulize kitu. Siku ya tatu baada ya hapo ndipo lilipotokea la kutokea.

Reli yetu inapita kwenye handaki, dakika nne hivi. Taa za behewa la tatu zilikuwa mbovu tangu enzi, kwa hiyo tukiingia mle ni giza tupu na kila mtu anashika mfuko wake. Wiki ile walikuwa wamezitengeneza. Tulipoingia handakini, nje kukawa giza na ndani mwanga, na dirisha likageuka kioo. Yeye akaona kitambaa chake kimelegea. Akakivua ili akifunge upya, akijitazama dirishani kama mwanamke yeyote anavyofanya. Nami nikatazama dirishani.

Ndani ya kioo alikuwepo mdogo wako. Sisemi mtu aliyefanana naye. Ni yeye, mkubwa, na lile kovu linalokata nyusi ya kushoto, kovu la ubao wa bembea uliyoitengeneza wewe mwenyewe, kazi yako ya kwanza ya useremala na mbaya kuliko zote. Alinitazama kupitia kioo kama alivyokuwa akitutazama pale tulipomwambia arudi nyumbani. Kisha treni ikatoka handakini, kioo kikafa, nikageuka kumtazama yeye aliyekaa kando yangu. Kovu lilikuwa kulia.

Nilishuka kituo ambacho si changu. Sikumuaga.

Hapa lazima nikukumbushe jinsi kazi yenyewe ilivyoanza, maana wewe hujawahi kuzitazama vizuri picha zile. Uliwahi kunikiri kwamba unapokea bahasha, unampa Mama, unatoka nje mpaka amalize kuifungua. Nilipoanza kazi studio, kazi yangu ilikuwa kufufua picha zilizoharibika. Mtu analeta picha iliyolowa, nusu ya uso imeondoka, nami naujenga upya kutokana na nusu iliyobaki na picha za jamaa zake. Mama aliposikia hivyo aliniuliza, mbele yako, kama anayejua kujaza uso uliofutika anaweza pia kukuza uso uliokatika njiani. Alitaka ajue binti yake sasa anafananaje, ili akikutana naye sokoni asimpite. Nikasema naweza. Picha pekee iliyokuwepo ilikuwa ile ya shule, na yenyewe ilikuwa imekwisha kwa maji, ila Mama alikuwa ametunza filamu yake kwenye kopo. Nikaichukua filamu, nikaiingiza kwenye mashine, nikamkata mdogo wako kutoka kwenye kundi la watoto, nikamkuza hadi miaka kumi na saba. Mwaka uliofuata kumi na minane. Ikawa ada. Kila mwezi wa sita, mwezi aliozaliwa, siku tatu za kazi, bahasha moja.

Mwaka wa saba nilirudia ile filamu nikitafuta kitu kingine, na safari hii nikaitazama picha nzima badala ya kukata. Nyuma ya watoto kulikuwa na ubao wenye jina la darasa, na jina lilikuwa limeandikwa kinyumenyume. Filamu ina pande mbili, ndugu yangu, na mwanagenzi yeyote hufundishwa wiki ya kwanza kuangalia upande unaong'aa. Mimi niliiweka kwa nyuma. Kwa miaka saba nilimpelekea Mama binti aliyegeuzwa, kulia kwake kushoto na kushoto kwake kulia. Mama hakusema kitu. Nikajiambia hakuona, na kwamba kurekebisha sasa ni kujianika. Nikaendelea na kosa langu kwa miaka saba mingine. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na vituo vingi.

Basi siku ile niliposhuka treni nilikwenda studio nikatoa nakala zote kumi na nne, nikazipanga mezani. Alikuwa ni yeye. Shavu, kidevu, ile ngozi isiyo na kitundu. Picha zangu zote zinaishia kifuani. Mama alitaka uso tu. Mikono sikuwahi kuitengeneza.

Nilikaa siku mbili bila kwenda kazini, nikamdanganya mwenye studio kwamba jino linaniuma. Siku ya tatu nikarudi behewa la tatu, kwa sababu hofu ilikuwa nyingi lakini hamu ya kumwona ilikuwa nyingi zaidi. Nikanyamaza. Mwezi wa sita ukaingia. Kama ulivyoniagiza, sikugusa picha. Homa haikumjia. Akafurahi mno, akasema mwaka huu amesamehewa.

Wiki ya pili mkaguzi alipita, akatoboa tiketi yangu, akatoboa ya mama mfumaji, akampita yeye. Alikuwa ameinua tiketi yake mkononi. Tukacheka, tukasema mafua yamempanda machoni. Kesho yake akampita tena. Wiki ya tatu, karani aliyelala akamwegemea kama ukuta. Mama mfumaji, ambaye kwa miezi minne alikuwa akimsalimia kila asubuhi, akaketi mbele yetu na kuweka mfuko wake wa nyuzi juu ya mapaja ya huyu wa kando yangu, kama mtu anayeweka mzigo kwenye kiti kitupu. Yeye hakuutoa ule mfuko. Aliushikilia mpaka mjini, akinitazama mimi. Hatukucheka.

Kazini wakampa mtu mwingine mashine yake, naye amesimama pale pale akiwa na shuka mkononi. Mwenye nyumba wake akaonekana akiwaonyesha wapangaji wapya chumba chake. Na mimi, niliyemtazama kwa jicho la kazi, niliona kingo za uso wake zimeanza kupauka, kama picha iliyobandikwa dirishani upande wa jua. Mwisho wa wiki ya tano aliniuliza kwa sauti ndogo kama mimi bado ninamwona. Nikamwambia ninamwona. Akasema basi nisiangalie pembeni.

Siku hiyo hiyo nikavunja amri yako. Nilitumia mapumziko ya mchana siku tatu mfululizo, nikafunga mlango wa chumba cha kazi, nikatengeneza picha ya kumi na tano. Siku zote hizo tatu hakuonekana kwenye treni. Siku ya nne alipanda, amekonda, ana mistari miwili midogo kando ya mdomo. Mkaguzi akasimama mbele yake akadai tiketi. Alipekua mkoba wote asiione, mkaguzi akamfokea behewa zima likasikia kwamba watu wazima wanapanda bure bila haya, naye akawa anamshukuru. Alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Maskini mkaguzi akadhani amekutana na mwendawazimu, akaenda zake.

Sasa ndugu yangu, nifike pale ninapoogopa. Mficha uchi hazai. Utaniuliza kwa nini picha ya mtu aliyekufa iwe na pumzi, nami sijui. Ninachokijua ni dhambi yangu mimi, nayo ni hii. Miaka mitano ya mwanzo nilimtafuta mdogo wako kwa uaminifu. Niliweka mbele yangu picha ya Mama alipokuwa kijana, na yako, na ya marehemu baba yenu, nikajiuliza damu hii ingemfikisha wapi. Mwaka wa sita niliacha kuuliza. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba chenye taa moja, nina miaka ishirini na saba, sina wa kunisubiri nyumbani. Nikaanza kumtengeneza yule ambaye ningependa anifungulie mlango. Nilimpa macho niliyoyataka. Nilimlainisha ngozi. Nilimfanya aelekee kutabasamu lakini asitabasamu, ili nibaki nikingoja. Mwaka baada ya mwaka nilimsogeza mbali na Mama na kumleta karibu na mimi, kisha nikamtia kwenye bahasha na kuandika juu yake jina la mdogo wako. Mlinikabidhi maiti yenu kwa imani nami nikaifanyia posa. Ukinitukana, tukana hapo.

Nimemwambia yeye pia. Nilimwambia yote, kwenye benchi la stesheni asubuhi moja, tukaacha treni tatu zipite. Nilitegemea anipige. Alisikiliza, kisha akauliza ni mpaka wapi nilipomtengeneza. Nikamwonyesha kifuani. Akaiinua mikono yake, akaigeuza, akazitazama zile alama za kuungua moja baada ya nyingine kwa muda mrefu. Akasema basi hii ni yangu. Halafu akaniambia, bila hasira, kwamba hataweza kunipenda, na kwamba hataniwekea tena nafasi kwenye kiti. Nilimjibu kwamba najua. Inauma, ndugu yangu, nisikufiche. Inauma kama ambavyo ingeuma kwa mtu yeyote.

Lakini kabla hajaondoka aliuliza swali jingine. Kama mimi namtazama siku tatu tu kwa mwaka, je, ni nani anayemtazama kila jioni?

Wewe unajua ni nani. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba kila jioni, taa ikiwashwa, Mama anachukua pembe ya kanga yake, anafuta kioo cha fremu ya mwisho, anaisalimia picha, anaiuliza imeshindaje. Nikashindwa kumdanganya. Nikampa mtaa wenu. Ameomba ruhusa kazini, na atafika kwenu Jumamosi kwa treni ya mchana. Barua hii naituma kwa haraka ili imtangulie.

Sikuombi umdanganye Mama. Mwambie kilichopatikana shimoni, mwambie kabla ya Jumamosi, na mzikeni mtoto wenu kwa jina lake na kwa machozi yake yote. Mwambie pia kwamba tulimkimbia. Kwa hilo la mwisho, ukiona ulimi unakuwa mzito, ningoje, nitakuja nimwambie mimi. Ila nakuomba, kwa udugu wetu, zile picha usizishushe siku hiyo hiyo. Na huyo atakayebisha hodi, usimfungulie kama mtu aliyekuja kudai nafasi ya marehemu. Hajui kama ana nafasi popote. Anachotaka ni kumwona mtu anayemtazama.

Nimejiuliza sana Mama atafanyaje akimwona na kovu lake la kulia. Ndipo nikakumbuka barua yako ya mwaka juzi, ulipoandika kama mzaha kwamba Mama ameanza kuzeeka, kwamba amekwambia yule wa ukutani siye mwanawe, amemjua siye tangu picha ya kwanza, lakini naye ni mtoto wa watu, ameshamzoea, mwacheni akae. Wewe ulicheka. Mimi nilipoisoma nilikasirika kidogo, nikidhani anaidharau kazi yangu. Kumbe kwa miaka kumi na minne Mama alikuwa akiwasalimia wawili, mmoja kwa kumngoja na mmoja kwa kumkaribisha.

Picha ya mwaka huu imo humu ndani, kati ya kadibodi mbili. Ni ya kwanza niliyotengeneza kwa kufuata nilichokiona, si nilichokitaka, ndiyo maana ina mistari. Nakala zote za studio nimeziharibu na kwenye kompyuta nimefuta kila kitu, ili mkono wangu usije ukatamani kumrekebisha tena. Imebaki hiyo moja, na zile za ukutani kwenu. Sijui mwaka ujao mwezi wa sita utamfanyaje bila mimi, naye amesema yuko radhi kungoja aone.

Msalimie shemeji, mwambie asiache kutafuta, nimekuwa mtu wa kuchagua kidogo. Wabusu watoto. Mama mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie nakuja mwisho wa mwezi, kwa mazishi na kwa lawama.

Ni mimi rafiki yako wa tangu utoto,

Kibiriti.

Kama una hasira nami, na haki unayo, ichane barua hii vipande vipande. Picha usiikunje.